Glavu zilezile: nilivyolazwa wodi ya upasuaji

Mke wangu anasema niachane nayo, nimeshapona. Ni kweli nimepona. Lakini kila nikikaza mkanda ukagusa lile kovu, hasira inapanda upya. Basi naandika maoni yangu kuhusu hospitali ile na kuipa nyota zake, atakayesoma asome.

Nianze na haki yao, maana nikishaanza kulalamika sitarudi tena hapa. Upasuaji wenyewe sina neno nao. Ngiri ya kinena, upande wa kulia. Daktari mpole, alinieleza kila hatua mpaka nikaelewa, nikalala, nikaamka, kazi imekwisha. Nilitakiwa kurudi nyumbani baada ya siku mbili. Nilikaa wiki tatu kasoro.

Asubuhi ya pili au ya tatu, sikumbuki vizuri, sista alipita kusafisha vidonda. Alianza na mzee wa kitanda cha jirani, mwenye kidonda cha mguu kilichokuwa kinanuka hata kikiwa chini ya bandeji. Akafungua, akafuta usaha, akafunga. Kisha, glavu zikiwa zilezile, akasukuma toroli, akavuta pazia, akapandisha miwani yake puani, akaja kwangu na kushika plasta ya mshono. Kwenye kidole cha shahada cha ile glavu palikuwa na doa la njano. Naliona mpaka leo.

Nikasema kwa adabu zangu zote, "Samahani sista, naomba ubadilishe glavu kwanza."

Alinitazama kama nimemtukania mama yake. "Kwani hizi nilizovaa ni nini? Wewe umesomea uuguzi?" Akamgeukia mwanafunzi aliyekuwa naye: "Hawa ndio wagonjwa wa siku hizi. Wanasoma kwenye simu, halafu wanakuja kutufundisha kazi." Mwanafunzi akacheka kicheko cha woga. Na mimi, mtu mzima mwenye familia, nikanyamaza. Nikalala pale shati limepandishwa kifuani kama mtoto anayepakwa dawa, nikamwacha abandue plasta. Kule kunyamaza kunaniuma kuliko kidonda.

Glavu chafu ina tofauti gani na mkono mchafu? Inamkinga aliyeivaa. Mimi itanikinga na nini, ikiwa imetoka kwenye usaha wa mwenzangu? Na wala haikuhitaji simu kulijua hilo. Juu ya sinki la wodi ileile palibandikwa bango la Shirika la Afya Duniani, lenye picha, kuhusu nyakati tano za kusafisha mikono: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi kama ya kusafisha kidonda, baada ya kugusa majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vinavyomzunguka. Kwa kitakasa mikono ni sekunde 20 hadi 30, kwa maji na sabuni 40 hadi 60. Ukilala wiki tatu unakariri hata bango. Nikahesabu: kutoka kwa mzee hadi kwangu, sista aliziruka zote tano, na vitanda vyenyewe vimetengana hatua nne.

Kesho yake au keshokutwa, homa. Mshono ukawa mwekundu, wa moto, unapwita kama una moyo wake peke yake. Kisha usaha. Kwenye raundi nikaambiwa neno moja, "Inatokea." Wakafungua nyuzi, wakakiacha kidonda wazi, nikaandikiwa sindano za antibayotiki.

Inatokea, sikatai. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilisema kati ya wagonjwa 100 wanaolazwa, 7 katika nchi tajiri na 15 katika nchi za kipato cha chini na cha kati hupata angalau ambukizo moja humohumo hospitalini. Lakini shirika hilohilo likasema asilimia 70 ya maambukizo hayo yanazuilika kwa mikono safi na hatua nyingine zisizo na gharama kubwa. Hiyo sehemu ya pili kwenye raundi hakuna aliyeitaja.

(Ndiyo, nilisoma kwenye simu. Kwa hasira nilisoma mpaka nikafika kwa Ignaz Semmelweis, daktari wa Vienna ambaye mwaka 1847 aliwalazimisha wenzake, waliokuwa wakitoka kupasua maiti na kwenda moja kwa moja kuzalisha, waoshe mikono kwanza kwa maji ya klorini. Vifo vya wanawake waliojifungua vikashuka sana. Wenzake wengi wakachukia kuambiwa mikono yao ndiyo inayoua. Nikampenda bure yule mtu.)

Sindano hazikusaidia. Siku tatu, nne, homa ipo palepale. Nikauliza kama usaha umepimwa, nikajibiwa niendelee na dawa. Aliyekuja kuchukua sampuli ni daktari kijana wa zamu ya usiku, tena bila kuombwa. Akanieleza kwamba maabara itaotesha vimelea na kuvijaribu kwa dawa mbalimbali, nisubiri kama siku tatu. Jibu likarudi: bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, sugu kwa ile dawa niliyokuwa nachomwa. Yaani muda wote ule mkono umevimba kwa kanula, kile kimrija cha dawa kinachoachwa mshipani, tumbo linaharisha, na bakteria wenyewe wanaoga humo. Alipobadilisha dawa, homa ilishuka ndani ya siku mbili.

Sasa hapa nitasema jambo ambalo mke wangu alidhani sitalisema. Kijana yule aliniuliza kama miezi ya karibuni nilitumia antibayotiki. Nikaona aibu. Nilikuwa nimemeza mara mbili, pengine tatu, kwa ajili ya mafua, kwa kujinunulia tu, na kila mara nikiacha dozi katikati. Mafua ni virusi, dawa ile haivigusi hata kidogo. Inachofanya ni kuua bakteria dhaifu mwilini na kuwaachia nafasi wale sugu. Akaniambia pia kwamba karibu mtu mmoja kati ya watatu hubeba bakteria huyo puani bila kuugua. Kwa hiyo inawezekana kabisa niliingia naye mwenyewe. Siwezi kuapa kwamba ni zile glavu.

Na sista yule asubuhi ile alikuwa peke yake na yule mwanafunzi kwa wodi nzima. Chupa ya kitakasa mikono iliyoning'inia miguuni pa kitanda changu niliibonyeza mwenyewe, ikatoa upepo. Hilo si kosa lake. Tena kulikuwa na muuguzi mmoja wa usiku, kaka mmoja mwembamba, ambaye kila akija kuangalia kanula alianza sinkini, kisha ananionyesha viganja bado vina maji: "Umeniona nimenawa?" Kwa huyo na kwa daktari kijana nilikuwa tayari kutoa nyota nne. Nimeziandika kabisa.

Kisha nikakumbuka boksi. Boksi la glavu mpya lilikuwa juu ya toroli lake, wazi, limejaa, ncha ya moja inachungulia nje. Ilikuwa ni kunyoosha mkono tu. Badala yake akachagua kunidhalilisha mbele ya mwanafunzi, na mwanafunzi yule sasa naye ameshajua mgonjwa anayeuliza hujibiwa nini. Nyota moja. Basi, mbili, kwa sababu ya yule kaka wa usiku.

Ila ngiri ya upande wa kushoto nayo imeanza kuchungulia, na daktari ninayemtaka ni yuleyule, hospitali ileile. Nimeshanunua boksi langu la glavu. Sikujua mkono wa sista ni saizi gani, nikachukua za kati.