Friwili za mkono kwenye Escudo yangu: miezi kumi na minne ya kushuka kwenye tope

Gari ni Suzuki Escudo ya milango mitatu, lile umbo la boksi la zamani, injini ya 1600, gia za mkono. Nakaa Lushoto. Lami ya kutoka Mombo inanifikisha mjini bila shida, ila kazi yangu ni kununua viazi na kabichi, na viazi havilimwi kwenye lami.

Masika ya mwaka jana nilishuka bondeni upande wa Mtae, kwenye kinjia cha udongo mwekundu kinachoteleza kama kimemwagiwa sabuni. Kushuka nilishuka. Wakati wa kupanda, na magunia mawili nyuma, nikaweka 4H, yaani gia ya kuvuta kwa matairi yote manne, taa ya 4WD ikawaka kwenye dashibodi, nikakanyaga mafuta. Matairi ya nyuma yakaanza kuchimba. Nikamwachia usukani kijana wangu, nikashuka kutazama. Matairi ya mbele yametulia tuli, kama gari limeegeshwa msibani.

Ile taa ilishanidanganya, na huenda inakudanganya na wewe. Inasoma gia tu. Inakwambia kwamba gia imepeleka nguvu mbele, haina habari kama nguvu hiyo imefika kwenye tairi. Mwisho wa safari ya nguvu kuna friwili, kile kikombe kilichopo katikati ya ringi ya mbele, na kazi yake ni kuunganisha shafti na tairi au kuviachanisha. Kwenye gari langu zilikuwa za otomatiki: ukiweka 4H shafti inazunguka, kipande cha ndani kinasukumwa, meno yanashikana. Ukitaka ziachie, unarudisha 2H, ya matairi ya nyuma peke yake, halafu unarudi nyuma taratibu, moja kwa moja, kama mita mbili hivi. Zikiwa mpya ni raha, hushuki garini. Zangu zilikuwa na umri wa mtu mwenye watoto.

Kuna kasoro nyingine ya hizi za otomatiki hata zikiwa nzima, na watu hawaisemi. Ukikwama unafanya nini? Unalitikisa gari, mbele, nyuma, mbele, nyuma. Sasa kila ukigeuza mwelekeo friwili inaachia kwanza halafu inashika tena upande wa pili, na inashika kwa kishindo, *ka!* Yaani pale unapoihitaji kuliko wakati wowote ndipo inapoachia. Siku ile nilisikia *ka* tatu upande wa kushoto, baada ya hapo kimya. Tulitolewa na vijana saba na kamba.

Fundi wangu alipofungua alinionyesha bila kusema neno. Grisi imekauka imekuwa halua, springi moja imekatika, meno ya upande wa kushoto yamelika. Ushauri wake wa kwanza: "Bosi, tuzichomelee tu. Zikae zimeshika moja kwa moja, umemaliza." Bei yake ilikuwa ndogo na nilishawishika kwa dakika kama tano. Lakini friwili iliyochomelewa maana yake shafti za mbele, difu ya mbele (ile inayogawa nguvu kwa matairi mawili) na propela yake, mhimili unaoiletea nguvu, vinazunguka siku zote, hata ukienda Tanga kwa lami. Gari linasogea, ndiyo, ila unachakaza vitu bure. Na ukija kutaka kubadilisha sili au beringi, unaanza kwa kukata.

Basi nikatafuta za mkono. Teknolojia yenyewe ni ya kizee: Mmarekani Arthur Warn alianza kuziuza mwaka 1948 kwa wenye jipu zilizobaki baada ya vita, na mpaka leo wazo ni lilelile. Kitasa katikati, unakizungusha kwa mkono: FREE tairi limeachana na shafti, LOCK vimeshikana. Nilipewa chaguo mbili: za mtumba kutoka Japani, au mpya za dukani zikiwa na gasketi, bolti na pete zake. Za mtumba nilizoletewa kitasa kimoja kilikuwa kigumu kiasi cha kuhitaji koleo. Nikachukua mpya, laki tatu na nusu kwa jozi. Jambo la kuangalia kabla hujatoa hela ni hesabu ya meno ya shafti. Escudo hii na Samurai zina meno 26, kwa hiyo muuzaji akikwambia "hizi ni za Samurai" usikimbie. Hesabu tu.

Kufunga kulichukua asubuhi moja, na nusu yake ilikuwa kuosha. Bolti sita kila upande, kikombe cha zamani kinatoka, na kila kipande cha otomatiki kilichobaki nyuma yake nacho kinatoka. Usiache hata kimoja kwa sababu "hakizuii". Fundi alifuta kila kitu kwa petroli na kitambaa mpaka chuma kikaonekana, akatazama nati ya beringi kama imekaza.

Kazi yenye jasho ni pete. Ncha ya shafti ina mfuo mwembamba, na ndani ya mfuo huo inakaa sekilipu, kipete cha chuma chenye matundu mawili ya kushikia. Bila hiyo shafti inacheza nje ndani. Shida ni kwamba shafti ikirudi ndani kidogo tu, mfuo unajificha. Msaidizi alilala chini ya gari akisukuma shafti kwa nyuma kwa mikono yote miwili, fundi mbele na koleo ya sekilipu. Mara ya kwanza ikaruka, tukaitafuta kwenye vumbi robo saa. Mara ya pili ikaruka tena, ikagonga ndoo. Ya tatu ikaingia kwa mlio mdogo, *tik*, na fundi akaizungusha kwa bisibisi kuhakikisha imekaa mfuoni pande zote. Nunua pete mbili za akiba.

Kosa tulilofanya ni grisi. Fundi aliijaza kama anajaza beringi, mpaka ikafurika. Gereji, saa saba mchana, vitasa vilizunguka vizuri. Julai ilipofika, saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Lushoto mnaijua, kitasa cha kulia kikagoma katikati, si FREE si LOCK. Tulifungua tena tukapunguza, ukabaki utando mwembamba tu kwenye meno. Tangu hapo kinageuka kwa vidole viwili. Na rudia kukaza bolti baada ya kilomita mia mbili hivi. Kwangu mbili zilikuwa zimelegea.

Kuhusu matumizi, adabu ya hizi friwili unajifunza kwa aibu. Wiki ya tatu tulikwama kidogo baada ya Lukozi. Nikageuza ya upande wangu, nikamwambia kijana ageuze ya kwake. 4H, mafuta, hakuna kitu! Nikaanza kuwatukana kimoyomoyo wote walioniuzia. Kumbe yeye aliizungusha ikafika LOCK, akaona kama haijakaa sawa, akairudisha. Difu ya kawaida hupeleka nguvu kwenye upande mwepesi, na shafti isiyoshikana na tairi ndiyo nyepesi kuliko zote. Friwili moja ikiwa FREE, mbele yote imekufa. Siku hizi nageuza zote mbili mwenyewe.

Tena sisubiri kukwama. Mvua zikishaanza naweka LOCK nyumbani, siku hata nne, naendesha 2H nikiwa kwenye sehemu nzuri na kuingiza 4H nikifika kwenye tope. Kuacha LOCK siku chache hakuharibu kitu ilimradi gia iko 2H; kinachoharibu ni 4H kwenye lami kavu. Kiangazi nakumbuka kuziweka LOCK mara moja kwa mwezi na kwenda kilomita chache, ili mafuta ya difu ya mbele yapande mpaka juu.

Kuna zawadi moja sikuitarajia. Ukiacha FREE na kuweka 4L, unapata gia nzito kwa matairi ya nyuma peke yake. Narudisha tela langu dogo uani kwa mwendo wa konokono bila kuchoma klachi. Taratibu tu, maana nguvu yote inabebwa na ekseli moja.

Mafuta? Wapo watakaokwambia zinaokoa sana. Mimi kwenye pampu sijaona tofauti ya kuandikia. Sikuzinunulia hilo. Nilinunua kujua, nikiwa nimekaa kwenye usukani, kwamba mbele kumeshika kwa sababu mkono wangu ndio ulioshikisha. Gharama yake ni viatu. Utashuka kwenye tope, utainama kwenye mvua, na mke wako akiwa amekaa ndani mkavu atakuuliza ile ya zamani ilikuwa na ubaya gani. Kama gari lako linaishi mjini na tope unaliona Krismasi tu, na friwili zako bado zinashika, ziache hapohapo.

Malalamiko yangu yaliyobaki ni maandishi. Rangi ya FREE na LOCK ilifutika kabla ya mwaka, nikawa nabahatisha kwa tochi. Nimepaka mshale kwa rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, haijatoka mpaka leo. Yeye hajajua chupa ilipokwenda.