Uzoefu wangu na eafraya ya mtumba: "Zote huja zimekatwa waya"

Naanza na ile tepu nyeusi, kwa sababu mengine yote ningeyasamehe.

Eafraya hii, ile mashine ya kukaangia kwa hewa ya moto, niliinunua siku chache kabla ya Ramadhani, katika duka moja la vyombo vya mtumba vya Uingereza hapa Mombasa, kwa shilingi 4,500. Mpya sizimudu, na nilikuwa nimechoka kusimama juu ya karai la mafuta kila alasiri, nimefunga, moshi wote machoni. Kijana wa duka aliichomeka mbele yangu, ikawaka, ikavuma, akanionyesha kikapu chake kisafi kabisa. Waya sikuutazama. Nani hutazama waya?

Na nisiidhulumu: wiki mbili za kwanza ilinifurahisha kupita kiasi. Sambusa zilitoka kavu, rangi ya shaba, haziachi mafuta mkononi. Katlesi unazipaka mafuta kwa kidole tu. Mama mkwe wangu, ambaye hapendi chakula cha mashine, aliomba aongezewe. Mngeniuliza siku zile ningewaambia mkanunue hata kwa kukopa.

Kisha likaingia kumi la mwisho. Kama saa kumi na mbili kasoro jioni nikasikia harufu, si ya chakula, ni kama mtu anachoma ndara. Nikavuta kikapu, sambusa ziko sawa. Nikainama nyuma. Kiasi cha shubiri moja kutoka kwenye mashine, waya umevimba, umefungwa tepu nyeusi, na tepu inatoa moshi. Kabla sijainua mkono, cheche, kisha ulimi mdogo wa moto. Mtungi wa gesi wa kilo 13 uko chini ya meza hiyo hiyo. Mwanangu wa miaka sita amesimama hapo anangoja sambusa ya kwanza. Nilimsukuma akaanguka, nikaruka kwenye swichi ya ukutani. Plagi yenyewe ilikuwa ya moto kiasi cha kuniunguza vidole. Adhana ilinikuta nimekaa kibarazani, tende mkononi, nashindwa kuitia mdomoni.

Asubuhi nikaipakia kwenye tuktuk hadi dukani. Sikwenda kugombana, naapa. Nilitaka pesa zangu na neno la pole. Yule kijana hakuinuka kitini.

"Mama, hiyo ni ex-UK. Ex-UK haina waranti."

Nikamwonyesha mahali palipoungua. "Mwanangu, huu waya nani aliuunga?"

"Fundi wetu. Zote huja zimekatwa waya, mama, tunaunga sisi hapa. Hiyo yako pengine umeichosha."

Nimeichosha! Nilitoka pale natetemeka, nikasahau hata kudai pesa. Lakini njia nzima lile neno lilinikaa kichwani: zote huja zimekatwa waya. Kwa nini mtu akate waya wa kitu kizima?

Usiku nikampigia mtoto wa dadangu aliyeko Leicester, Uingereza, nikampelekea picha ya ile karatasi ya nambari iliyobandikwa chini ya mashine. Hakuchukua hata nusu saa. "Mama mdogo, ulikuwa unapikia hiyo?" Aina ile ilikwisha kuitwa irudishwe na walioitengeneza, zamani, kwa hatari ya kuwasha moto. Wenye nazo waliambiwa waache kuzitumia mara moja, wakate waya, wapige picha, wapeleke, walipwe.

Na huo ni utaratibu wa kawaida. Februari 2023 kule Marekani kampuni ya Cosori iliita zirudishwe eafraya karibu milioni 2, mbali na zile za Kanada na Meksiko, baada ya kupokea ripoti 205 za mashine kushika moto, kuungua, kuyeyuka, kutoa moshi au kupata joto kupita kiasi. Kosa lilikuwa kwenye kiungo cha waya ndani ya mashine. Risiti haikutakiwa. Aliyetaka kubadilishiwa alipeleka picha ya mashine iliyokatwa waya. Maana yake ni kuhakikisha chombo kile hakitachomekwa tena na mtu yeyote.

Basi waya uliokatwa ndio hukumu yenyewe. Mtu alikihukumu chombo kife, mwingine akakipakia kwenye kontena, wa tatu akaukunja waya kwa vidole akaufunga tepu, akaniuzia mimi niweke karibu na mtoto wangu.

Nilikuwa nataka kuandika kwamba mashine ni nzuri, kosa ni la fundi. Nusu ya maneno hayo nilikwisha kuyaandika, nimeyafuta. Fundi angeunga kwa lehemu na koleo zote za dunia, kosa la ndani lingebaki palepale. Fundi alichofanya ni kuniongezea la pili juu ya la kwanza. Mashine ya wati 1,500 kwa umeme wetu wa volti 240 inavuta zaidi ya ampea 6, na mahali waya zimesokotwa tu bila kushikana vizuri ndipo joto linapojikusanya. Hata plagi ingenionya kama ningejua: tangu kanuni za 1994 vyombo vya nyumbani Uingereza huuzwa na plagi yake tayari, na kwa kawaida huwa imegandishwa pamoja na waya, haina cha kufungua. Yangu ilikuwa ya skrubu, mpya, nyepesi kama kopo. Nilipoifungua, mahali pa fyuzi, ile inayokata umeme ukizidi, palikuwa na kipande cha waya.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kulindwa afya yake na usalama wake. Hakisemi mnunuzi wa vitu vipya peke yake. Nilirudi dukani nikamwambia hivyo yule kijana, mbele ya wateja. Akanishika mkono kunitoa nje. Mimi, umri wa mamake! Kisha jioni akanipigia simu kwa sauti ya asali: "Mamangu, nakurudishia 2,000, nitume boda aichukue."

Wallahi nilikaribia kukubali, 2,000 ni pesa. Kisha nikamuuliza, "Ukishaichukua utaifanyia nini?" Akanyamaza. Nikakata simu, nikauchukua mchi wa kinu, nikaivunja uani mpaka haikubaki kipande cha kuungwa. Waya niliukata vipande ishirini. Dadangu anasema nimeharibu ushahidi, huenda ni kweli, lakini nambari na picha ninazo.

Ijumaa nilipita mbele ya duka hilo nikienda msikitini. Rafuni kuna eafraya tatu. Nikaingia, nikapitisha vidole kwenye waya moja moja, kuanzia kwenye mashine hadi plagi. Mbili zina tepu. Kulikuwa na msichana anauliza bei ya mojawapo, nikamshika mkono nikauweka juu ya kile kivimbe, nikamwambia, "Kisikie hiki."