Tahadhari: huyu mchora wanja wa kudumu atawapofusha

Siku ya tisa leo navaa miwani ya jua ndani ya nyumba. Aibu au si aibu, nasema.

Nilikwenda kwake kuchorwa wanja wa kudumu, ule wa sindano na wino kwenye kope, nami nilikuwa na haraka. Akanilaza, akanipaka ganzi kwenye kope. Ikaanza kuwasha ndani ya jicho kama pilipili. "Dada, inaingia." Akajibu, "Urembo ni kuvumilia, mpenzi, usitikise kichwa." Nami, mtu mzima na akili zangu, nikatulia! Sindano inakwaruza, machozi yananitiririka hadi masikioni, yeye anafuta kwa pamba ileile, jicho la kulia, la kushoto, tena la kulia. Simu ikaita, akapokea na glavu zake, akamaliza umbea, akarudi kwenye jicho langu na glavu zilezile. Nilimwona. Nikanyamaza.

Msinicheke. Wanja wake mwenyewe umenyooka kama uzi. Cheti kiko ukutani kwenye fremu. Na aliyenipeleka kwake si mtu wa porojo.

Kesho yake macho hayafunguki. Akaniandikia: kawaida. Kweli, kuvimba siku mbili tatu ni kawaida, hapo hakudanganya. Lakini siku ya nne wino ulikuwa umetambaa chini ya ngozi, kivuli cha bluu kama nimepigwa ngumi. Daktari wa macho akasema sindano imezama mno. Ngozi ya kope ni nyembamba sana, wino ukipita kina chake husambaa. Kuufuta ni kwa leza, na kwanza wanakuvisha vikinga vya chuma juu ya jicho, chini ya kope. Chuma! Juu ya jicho!

Dalili zilikuwepo, ndiyo. Hakuuliza kama navaa lenzi, wala hakujaribu rangi kwenye ngozi siku chache kabla. Sindano sikuiona ikitoka kwenye pakiti. Na zile picha zake nzuri, nimezirudia zote: ni za dakika ileile kamaliza, hata moja ya jicho lililopona hakuna. Mengine sikumbuki, nina hasira. Afungwe huyu! Anyang'anywe mashine, alazwe kitandani pale pale, achorwe macho yote mawili bila ganzi, na simu iite katikati.

Jana kanitumia ujumbe: nirudi wiki ya sita anisawazishie, na nikimletea rafiki atanipunguzia bei.