Nimemsoma Charlie Daniels mpaka mwisho, ingawa siasa zake hazinishuki

Sisi Wakenya tumelelewa na muziki wa kantri kutoka Marekani. Jim Reeves, Kenny Rogers na Don Williams ni kama wa nyumbani, na tuna Sir Elvis wetu anayeimba nyimbo za aina hiyo kwa sauti inayomtoa mtu kitini. Charlie Daniels, mwanamuziki wa Marekani, huku hakuvuma kiasi hicho, ukiondoa ule wimbo wa shetani anayeshindana na kijana kupiga fidla, The Devil Went Down to Georgia, uliotoka 1979 na kumpatia Grammy. Wimbo huo ndio ulionifanya nitafute tawasifu yake, Never Look at the Empty Seats, ya mwaka 2017. Nimeisoma kwenye simu, nyingi usiku.

Jina la kitabu ni ushauri kwa wanamuziki chipukizi: viti vitupu usivitazame, wapigie waliokuja kwa nguvu zako zote. Na kweli, kitabu kinanoga pale anaposimulia kazi. Mzee huyu, mzaliwa wa Wilmington, North Carolina, 1936, alisota kwenye vilabu miaka mingi kabla prodyuza Bob Johnston hajamvuta Nashville, kitovu cha kantri, mwaka 1967. Kisa nilichokirudia ni cha mwimbaji Bob Dylan. Daniels aliitwa studio kushika nafasi ya mpiga gitaa mwingine, kwa kipindi kimoja tu. Alipoanza kukusanya vyombo vyake aondoke, Dylan akauliza huyu anakwenda wapi. Akaelezwa kwamba mwenye nafasi anakuja. Dylan akasema hamtaki huyo mwingine, anamtaka huyuhuyu. Daniels akabaki, na albamu ikatoka 1969: Nashville Skyline.

Sasa siasa. Alikuwa na miaka mitano Japani iliposhambulia kambi ya Marekani ya Pearl Harbor, na imani aliyotoka nayo utotoni ni kwamba Marekani inalindwa na mambo mawili tu: neema ya Mungu na jeshi lake. Ukimsoma unaelewa imetoka wapi. Kukubali ni jambo lingine. Mwaka 2003 alivitetea vita vya Iraq na kuwarushia maneno makali waigizaji wa Hollywood waliovipinga. Mimi ni mtu wa Nairobi, Agosti 7, 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa hapa, naikumbuka. Hasira ya kulipuliwa sihitaji kufundishwa. Lakini Iraq haikuwa iliyoshambulia Marekani mwaka 2001, na zile silaha za maangamizi hazikupatikana.

Kuna pia Simple Man, wimbo wake wa 1989, unaotaka wauza dawa za kulevya wanyongwe mtini kwa kamba, na wabakaji, wauaji na wanaotesa watoto wafungwe kwenye kisiki kinamasini, nyoka na mamba wamalize kazi. Wimbo una mdundo mtamu, sikatai. Ila ukikulia mtaa ambao mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" hafiki kituo cha polisi, huwezi kuitikia maneno hayo kwa raha. Tena Kusini mwa Marekani, kamba na mti vina historia yake kwa watu weusi.

Kinachonisumbua zaidi ni kwamba huyuhuyu ndiye aliyeimba Uneasy Rider mwaka 1973, kuhusu hipi mwenye nywele ndefu anayewazidi akili wababe wa baa moja Mississippi kwa kumsingizia mmoja wao kuwa ni jasusi aliyejipenyeza Ku Klux Klan, kundi la wazungu wabaguzi. Nilicheka mara ya kwanza na bado nacheka. Mwaka 1977 akapiga kwenye sherehe za kuapishwa kwa Jimmy Carter, Mdemokrati. Alitokaje huko akafika alikofika? Ningependa kurasa nyingi za safari hiyo. Nilipata imani na uzalendo tele, njia yenyewe sikuiona vizuri.

Nakipa nyota nne kati ya tano. Kama unapiga muziki, hata wa harusi na matanga, kinunue. Mahubiri yakikuchosha ruka, lakini habari za studio na za barabarani na bendi usiziruke.