Kamusi mbili za bure kwa watembeza wageni na watu wa mapokezi: Oxford na Longman zimepimwa kwa vitenzi na vihusishi vyake

Mtembeza wageni wa Mji Mkongwe aliyemaliza skuli ana maneno ya Kiingereza ya kumtosha. Anapokwama ni pale kitenzi kinapokwisha kutoka mdomoni: baada yake aweke "to", "for", "with", "of", au asiweke kitu? Na nani atangulie, mgeni au mzigo? Ndiyo sababu kamusi hizi mbili, ile ya Oxford ya wanaojifunza Kiingereza na ile ya Longman, tumezipima kwa jambo hilo moja tu. Zote mbili ziko mtandaoni, ni za bure, hazidai usajili, na zinafunguka kwenye simu ya kawaida.

Tatizo lenyewe linatokana na lugha yetu, na si uvivu wa mtu. Kiswahili hukiingiza kihusishi, yaani neno dogo kama hizo "to" na "for", ndani ya kitenzi. Tukisema "nakungojea", "nimelipia chumba", "wamelalamikia maji", ule mnyambuliko unafanya kazi ambayo Mwingereza huipa neno la pembeni: "wait for", "pay for", "complain about". Anayewaza "nakungojea bandarini" atatamka "I am waiting you at the port", na kwake sentensi imetimia. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili inayomwambia kwamba "wait" ni kungoja haijamdanganya, ila haijamwonesha hiyo "for". Na pale tunapotumia kihusishi cha peke yake, "kwa" moja inabeba kazi za "with", "for", "by" na "to", kwa hiyo kutafsiri neno kwa neno hakusaidii.

Thamani ya kamusi hizi iko kwenye mstari mfupi uliokolezwa wino, unaokaa kabla ya mfano. Watu wengi huuruka wakakimbilia maana. Kwenye ukurasa wa "provide", Oxford na Longman zote zinaandika viunzi viwili, yaani mipangilio ya kitenzi na maneno yanayokifuata: "provide somebody with something" na "provide something for somebody". "Somebody" ni nafasi ya mtu, "something" ni nafasi ya kitu. Ukikuta alama ya mkwaju, chagua kimojawapo. Ukikuta mabano, kilichomo kinaweza kuachwa. Basi hoteli ya Nungwi itaandika "We provide our guests with beach towels" au "We provide beach towels for our guests". Anayetangulia ndiye anayeamua kihusishi: mgeni akitangulia, taulo zinakuja na "with", taulo zikitangulia, mgeni anakuja na "for". Kosa huja mtu anapochanganya nusu ya kiunzi kimoja na nusu ya kingine, akaandika "provide towels with guests". "Blame" ina tabia hiyo hiyo: "blame the driver for the delay", lakini "blame the delay on the driver".

Longman inang'ara kwenye vitenzi vinavyotutega zaidi. Chukua "explain". Kiswahili kinakubali "nitakueleza historia ya mji", kwa hiyo ulimi unateleza: "I will explain you the history of Stone Town". Haikubaliki, ni "explain the history to you". Kinachochanganya ni kwamba "show" na "tell" zinaruhusu mtu atangulie bila kihusishi: "show you the market", "tell you the story". "Describe" na "suggest" ziko upande wa "explain". Hakuna kanuni rahisi ya kubahatisha, lazima kila kitenzi kitazamwe. Longman huweka visanduku vya sarufi kwenye vitenzi vya namna hii na kusema wazi nini kisisemwe. Onyo la aina hiyo lina faida kuliko mifano kumi iliyo sahihi, maana aliyezoea kosa huisoma mifano sahihi bila kuona tofauti.

"Rob" na "steal" zinastahili kutazamwa kwa karibu, kwa sababu hapa Kiswahili kinasaidia. Tunaiba kitu, lakini tunamnyang'anya mtu. "Steal" inakwenda kama kuiba: "They stole a camera from the guest". "Rob" inakwenda kama kunyang'anya, yambwa yake, yaani anayetendwa, ni mtu au mahali: "They robbed the guest of his camera". Anayemsaidia mgeni kutoa maelezo polisi akasema "They robbed his camera", amemfanya kamera kuwa ndiye aliyevamiwa. Kamusi zote mbili zina viunzi hivyo viwili, lakini kila kimoja kiko kwenye ukurasa wake. Fungua zote mbili uzilinganishe.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni mahali vitenzi vinapowekwa. "Wait for" utaikuta ndani ya ukurasa wa "wait", juu kabisa. "Depend on", "consist of" na "remind somebody of" zimepelekwa chini, kwenye kundi la vitenzi vyenye viambatani ("phrasal verbs"), pamoja na "give up" na wenzake. Anayeanza anaweza kusoma "remind" sehemu ya juu, akapata "remind somebody about something", ambayo ni kumkumbusha mtu jambo asilisahau, akafunga ukurasa bila kujua kwamba "this smell reminds me of home" ni kiunzi kingine chenye maana nyingine. Teremka mpaka mwisho kila mara.

Ya pili ni kubwa zaidi. Kamusi hizi zinaorodhesha viunzi bila kusema vinatofautianaje. "Load the luggage onto the boat" na "load the boat with luggage" zimewekwa jirani kana kwamba ni mamoja. Ya kwanza inahusu mizigo kupandishwa, hata kama ni mikoba miwili. Ya pili inaleta picha ya boti iliyojaa. Nahodha akimwambia mgeni ya pili, mgeni atauliza yeye atakaa wapi. Hili linahitaji mwalimu.

Kwenye "pick up" Longman inasaidia kwa alama moja ndogo, mshale wenye ncha mbili. Unamaanisha yambwa inaweza kukaa mbele au nyuma ya "up": "pick up the guests", "pick the guests up". Kisichosemwa na mshale ni kwamba kiwakilishi lazima kikae katikati: "pick them up", kamwe si "pick up them". "Wait for" haina mshale, na haitenganishwi: "wait for them". Ile "I will pick you at the airport" inayosikika kila siku kwenye uwanja wa ndege wa Kisauni inaeleweka, lakini Mwingereza anatarajia "up", kwani "pick" peke yake ni kuchagua au kuchuma.

Kwa wanaojibu barua pepe za hoteli, ukurasa wa "look forward to" peke yake unatosha kuzipendekeza kamusi hizi. Zote zinaonesha "look forward to doing something". Hiyo "to" ni kihusishi, basi kitenzi kinachofuata kinachukua "-ing": "We look forward to welcoming you". "To welcome you" imejaa kwenye barua za hoteli, na mgeni anaisoma kabla hajaiona bahari.

Maelezo yote ni ya Kiingereza. Longman hutumia msamiati wa maneno kama 2,000 kufafanulia, kwa hiyo ufafanuzi wake haumwachi nyuma mtu wa kidato cha nne. Mifano yake ya ziada kutoka maandishi halisi ndiyo migumu, na kurasa ni ndefu. Oxford ni safi zaidi kwa jicho. Ukoo wake unaanzia kwa A. S. Hornby, aliyefundisha Kiingereza Japani. Kamusi yake ilichapwa Tokyo mwaka 1942 ikiwa na viunzi 25 vya vitenzi, na ilitungwa kwa ajili ya watu ambao Kiingereza si lugha yao. Anayeanza aanzie Oxford. Anayeandika barua kila siku awe na Longman pembeni.

Usinakili mfano wa kamusi daftarini. Nakili kiunzi, kisha kijaze maneno ya kazi yako: "charge somebody for something" iwe "We charge guests for the transfer". Kihusishi kikibadilika, jambo linabadilika: "charge somebody with something" ni kumshtaki mtu kwa kosa.

Bila mtandao hakuna ukurasa unaofunguka, kwa hiyo anayepanda boti ya Mkoani, Pemba, azifungue mjini na kuzipiga picha za skrini. Aanze na "explain", "provide", "charge", "remind" na "pick up", na hii ya mwisho aitafute kwa maneno yote mawili, kwa sababu ukurasa wa "pick" ni mrefu mno kuteremka kwa kidole.