Vituo 14 vya mninga, na picha moja niliyoongeza mwenyewe

Nyota nne. Ya tano nimeizuia, nitaeleza.

Mimi ni katibu wa kigango kimoja, yaani kanisa dogo chini ya parokia, huku Uru, mwalimu mstaafu wa hesabu. Mwaka huu tulichangishana kununua Njia ya Msalaba mpya, zile picha 14 za mateso ya Yesu tunazozisali kituo kwa kituo, maana ile ya karatasi ililiwa na mchwa hadi Yesu wa kituo cha tatu akabaki hana miguu. Nikaelekezwa karakana ya uchongaji huko Majengo, Moshi mjini, nyuma ya mashine ya kusaga. Kibao hakuna. Ulizia fundi wa misalaba.

Kila kipande ni 45,000, mbao ya mninga, sentimita 30 kwa 40. Vipande 14 vikawa 630,000, nusu unatanguliza. Risiti anaandika kwenye karatasi ya daftari la shule, lakini anaandika, na mimi hilo kwangu ni kubwa.

Mkono wake ni mzuri, nisimdhulumu. Simoni Mkirene wa kituo cha tano amemchonga kama baba anayepanda mlima na mkungu wa ndizi begani: shingo imelala upande, mishipa imetoka, ndala moja inataka kuchomoka. Mkirene alitoka Afrika, pwani ya Libya ya leo, kwa hiyo sikuona kosa. Wanawake wa Yerusalemu, kituo cha nane, wamejifunga kanga kiunoni kama wanaokwenda msibani. Mama mmoja wa kwetu alipowaona alisema, "Hawa nawajua."

Kasoro sasa. Aliahidi Jumatano ya Majivu, Kwaresima inapoanza. Ijumaa tatu tukasali mbele ya makaratasi ya mchwa, huku simu yake ikiita tu. Na siku ya kuchukua mzigo nikakuta kituo cha 9 kimeandikwa XI na cha 11 kimeandikwa IX, yaani Yesu amepigiliwa misumari kwanza, halafu ndipo akaanguka mara ya tatu. Alirekebisha siku hiyohiyo bila kudai senti, lakini ukikaribia utaona kiraka.

Nilipokuwa nasubiri kiraka hicho kikauke ndipo yalipoanza ya picha ya 15. Kijana wake wa kupiga msasa, Mwislamu, aliniuliza bila kuinua kichwa:

"Mama, huyu aliishi miaka mingapi?"

Nikamwambia 33, kwa mapokeo yetu.

"Na hizi zote 14 ni za muda gani?"

Nikahesabu. Marko anasema alisulubiwa saa tatu, giza likaingia saa sita, akakata roho saa tisa, na jioni akazikwa. Biblia yetu inahesabu saa kama tunavyozihesabu sisi. Nikamjibu: kutwa moja.

"Sisi kwenye Maulidi tunasomewa Mtume alivyozaliwa, alivyolelewa, alivyoishi na watu. Nyie mmenunua siku moja." Kisha akaongeza kwa adabu kwamba wao hata hawaamini kuwa Nabii Isa alisulubiwa. Huku anasema, anaisugua misumari ya kituo cha 11, na aliisugua vizuri.

Miaka 33 ni siku zaidi ya 12,000. Tumelipia moja. Njia nzima ya kurudi Uru ndani ya Noah, vipande 14 magotini na miguuni mwa abiria, nilikuwa napiga hesabu. Nasadiki tunayoisali: akazaliwa na Bikira Maria, akateswa kwa mamlaka ya Ponsyo Pilato. Katikati hapo hata pumzi huvuti. Kwetu hata mlevi akifa, wasifu wa marehemu ukisomwa kaburini kazi yake itatajwa. Rozari nayo, sala ya kutafakari habari zake fungu kwa fungu, ilikuwa hivyohivyo: Matendo ya Furaha yanaishia Yesu akiwa na miaka 12 hekaluni, ya Uchungu yanaanzia bustanini Gethsemane. Ni mwaka 2002 tu ndipo Papa Yohane Paulo wa Pili alipoongeza Matendo ya Mwanga, tukapata ubatizo, arusi ya Kana na mahubiri ya Ufalme. Mama yangu alikufa kabla, hakuwahi kuyasali.

Nikawajaribu watoto wa Kipaimara. Alianguka mara ngapi? Tatu, wakajibu kwa pamoja. Na kule kuanguka hakumo katika Injili yoyote! Alifanya nini Kapernaumu? Kimya, mmoja akatazama bati.

Baba paroko nilimweleza. Akanikumbusha kuwa Marko mwenyewe hana habari ya kuzaliwa, na kati ya sura zake 16, kuanzia ya 11 hadi ya 15 ni wiki ile moja ya mwisho. Paulo naye aliwaambia Wakorintho ameazimu asijue kitu kwao ila Yesu Kristo aliyesulubiwa. Bila kufa na kufufuka, akasema, tungekuwa na mwalimu mwema tu, na walimu wema ni wengi. (Alinitazama mimi. Sikuchukia.)

Nikakubali, ila nikamuuliza: wale wanyang'anyi wawili hawakufa siku ileile, kilima kilekile, kwa misalaba ya askari walewale? Mbona hakuna kigango kilichowachangia 630,000? Kifo chao hakina picha kwa sababu hatujui waliishi vipi. Akacheka, akasema leta picha yako, ila usiichanganye na vituo.

Nikarudi kwa fundi, safari hii kwa hela yangu, 60,000. Nikamtaka Yesu wa Nazareti akiwa kazini, kwa sababu ya lile swali la watu wa kwao katika Marko: huyu si yule seremala? Fundi aliposikia hivyo hakuniuliza kipimo. Simu alipiga yeye, siku ya tano. Amemchonga na randa mkononi, maranda yamejaa miguuni, penseli sikioni, na benchi ni lilelile la Majengo, mguu mmoja umeegemezwa tofali. Ndicho kipande bora kuliko vyote 14, na namba hakina, kwa hiyo hakuna cha kukosea.

Tumekitundika mlangoni, juu ya maji ya baraka. Wanaotoka kukata majani ya ng'ombe wanakigusa wakipita, na vanishi ya lile randa imeshaanza kufifia.

Nimeulizia na picha ya arusi ya Kana, maji yalipogeuzwa divai. Fundi anataka 75,000, anasema mitungi sita ina kazi. Nimemwambia 65,000, bado tunavutana.