Paipu tatu za BeanAnimal kwenye tangi la samaki: nyota 4

Haya, mnaoulizia maji ya tangi langu jipya yanashukaje kwenye sampu, yaani lile tangi dogo la chini la kuchujia maji, nimefunga BeanAnimal, ule mfumo wa paipu tatu. Tangi ni futi 4 kwa 2 kwa 2, kama lita 450 hivi, wamo samaki aina ya tropheus wa Ziwa Tanganyika na hao wanataka maji yanayotembea yenye hewa ya kutosha, kwahiyo pampu inapandisha kama lita 3000 kwa saa na zote lazima zishuke bila kuogesha sebule.

Paipu ya kwanza inanyonya maji matupu, hewa haipiti ndo maana haina kelele, unaibana na valvu mpaka izidiwe kidogo tu na pampu. Kale kaziada kanateremkia paipu ya pili taratibu. Ya tatu mdomo wake uko juu zaidi, kavu, inasubiri balaa. Utamu uko kwenye ya pili, ina kampira kembamba ka hewa, sasa konokono akiziba ya kwanza maji yanapanda yanafunika mdomo wa kampira, hewa inakata na hiyo paipu ya pili inaanza kunyonya kwa nguvu zote. Niliziba ya kwanza kwa kiganja kujaribu, aisee ilidaka fasta, hata tone halikumwagika.

Kuna mifumo mingine pia, Durso ya paipu moja fundi yeyote anaiweza ila inaguguma, na ikiziba huna pa kukimbilia. Herbie ya paipu mbili ni kimya pia lakini inadeka, pampu ikipungua nguvu kidogo tu inaanza kuvuta hewa na inabidi uiseti upya.

Kwa sie wa umeme wa kukatika hii ndo yenyewe, umeme ukirudi inabwabwaja kidogo halafu inatulia bila mtu kugusa kitu, ilimradi ncha ya paipu ya kwanza huko kwenye sampu izame inchi moja tu, ukiizamisha sana hewa inakosa pa kutokea. Na sampu usiijaze, acha nafasi ya maji yatakayoshuka pampu ikizima.

Valvu iwe geti valvu ya kuzungusha, bol valvu ukiigusa kidogo imeshapitiliza. Kioo cha tempa, kile kilichoimarishwa kwa moto, usitoboe, kinasambaratika chote.

Nyota ya tano nimeibania sababu paipu tatu zimekula nafasi yote nyuma ya kabati, kupitisha mkono ukaze yunioni, yaani viungio vya paipu, ni shughuli pevu.